Fundi Sylvance na Breki ya Mbele

Mimi huuza spea za pikipiki hapa Mowlem, huu ni mwaka wa kumi na moja, na sijaona watu wasioambilika kama watu wa nduthi, hawa wa bodaboda. Mtu atanunua cheni hafifu huku namwambia haifai, haitamaliza mwezi, kisha ikikatika atarudi kunitukana mimi, aitukane pikipiki, na amtukane hata aliyeiunda huko ng'ambo. Yeye mwenyewe hana kosa. Miaka yote hiyo sijasikia hata mmoja akiingia dukani na kusema, "Mama, leo nimekosea mimi."

Kwa hiyo nikisimulia habari za Sylvance nina hasira, na sitaificha. Pale steji ya bodaboda wanazisimulia kivyao, na kila wakisimulia, pikipiki ndiyo mchawi. Mimi nilikuwepo. Duka langu na yadi yake ya ufundi vinatazamana, katikati yetu kuna njia ya vumbi na mtaro tu.

Sylvance ni mtu wa Siaya. Alifika Nairobi ana miaka kumi na tisa, akapanga chumba cha mabati Mukuru kwa Reuben, na kila asubuhi akawa anasimama kwenye geti la kiwanda na wenzake wengi wakingoja kunyooshewa kidole: wewe ingia, wewe njoo kesho. Miaka sita ya kungoja kidole. Humo kiwandani ndimo alimojifunza mashine, kwa kumshikia tochi fundi mmoja mzee aliyekuwa haoni vizuri. Alipohamia Mowlem alikuwa na sanduku la spana na mke, Roseline, ambaye hufanya usafi katika ofisi moja mtaa wa Fedha. Wana binti mmoja, Adoyo, ndiyo maana mimi humwita Baba Adoyo naye huniita Mama Abdifatah, kwa jina la mwanangu. Sylvance ni mrefu, mpole, huimba besi kanisani, na akisikiliza injini hufumba macho. Kasoro yake ni moja: hajui kubembeleza. Akilijua jambo atalisema mara moja, kavu, halafu anarudi kwenye kazi yake, na asiyeelewa shauri yake.

Sasa, kuna aina fulani ya pikipiki iliyoingia mtaani miaka michache iliyopita. Injini yake haina maneno, haili mafuta sana, na breki yake ya mbele ni ya diski. Pikipiki za zamani zilikuwa na breki ambayo ukiibana kwa nguvu zako zote inashika polepole, kama mzee anayetafuta miwani. Hii ukiigusa inashika papo hapo. Na waendeshaji wetu wote wamelelewa na amri moja. Siku ya kwanza kijana anapopanda nduthi, kabla hata hajaonyeshwa gia, huambiwa: usiguse mbele. Mbele inarusha. Amri hiyo imetoka kwenye baiskeli za nyumbani, kwenye miteremko ya mashambani, ambako kila ukoo una mjomba mmoja aliyeng'oka meno kwa kushika breki ya mbele. Wamehama na amri hiyo mpaka mjini, wakaipandisha kwenye injini.

Basi wakaishika ile pikipiki bila kuijua, ikawaangusha wawili watatu, wakaibandika jina: Punda. Asante ya punda ni mateke. Na kukazuka desturi. Anayenunua Punda, kabla hajabeba hata abiria mmoja, huipeleka kwa fundi kung'olewa meno. Pedi za breki ya mbele zinatolewa, mafuta ya breki yanamwagwa, na ule mkono wa breki unaachwa pale pale kwenye usukani, unaning'inia, kwa ajili ya macho ya polisi. Mtu anatoka hapo akicheka, anasimamisha pikipiki nzima kwa mguu wa kulia peke yake, anajiona amepona.

Sylvance alikataa kung'oa meno. Alikuwa fundi pekee mtaani aliyekataa, na wateja walimkimbia kwa ajili hiyo. Siku moja aliwakusanya watu wa steji hapo njiani, akachora mstari kwa chaki ya fundi cherehani aliyokuja kuniomba. Akaja mbio na Punda, akafika kwenye mstari, akafunga breki ya nyuma tu. Akashuka akapima kwa hatua: kumi na tisa, na tairi la nyuma lilikuwa limeyumba kama mlevi. Akarudi, mwendo ule ule, akafunga zote mbili. Hatua kumi na moja.

"Mkokoteni ukisimama ghafla, mzigo unakimbilia wapi?" aliwauliza. "Mbele. Basi mbele ndiko kwenye uzito, na mbele ndiko kwenye breki. Punda haina kosa. Inawafanyia mnachoiambia."

Ngigi, mwenyekiti wa steji, akacheka. "Fundi, wacha hesabu za darasani. Wewe hujawahi beba mama na mtoto na gunia ya viazi ukiingia kona ya Kangundo. Punda ni Punda."

Wenzake wakapiga honi kumshangilia. Sylvance akaokota chaki, akanirudishia, akainama kwenye kazi yake. Angewabembeleza siku hiyo, angewapandisha mmoja mmoja wajaribu kwa mikono yao, pengine ningekuwa nasimulia mambo mengine.

Mwaka jana mwezi wa Novemba akafa Barre. Barre alikuwa kijana wetu sisi Wasomali. Mama yake na mama yangu, Hibaq, walifika Eastleigh msimu mmoja. Aliteleza na Punda yake barabara ya Kangundo, mvua ikinyesha, akaingia ubavuni mwa basi. Steji nzima ikasema Punda imemuua. Mabaki ya pikipiki yaliletwa yadini kwa Sylvance, naye akaniita nivuke mtaro niangalie. Pale pedi za mbele zinapokaa palikuwa patupu, na buibui alikuwa amejenga. Meno yalikuwa yameng'olewa zamani. Sylvance alimwita Ngigi naye aje aone. Ngigi alikataa hata kuinama.

"Heshimu marehemu, fundi," alisema. "Mtu amekufa, wewe unatafuta kushinda mjadala."

Mjane wa Barre, Filsan, hakutaka kuiona pikipiki hiyo tena. Ikasimama yadini miezi miwili, imefunikwa gunia, mpaka ndugu yake Roseline aliponiuliza kama mjane anauza. Huyo ndiye Phares, shemeji yake Sylvance, mwenye miaka ishirini na minne. Roseline alimlea. Mama yao alifariki Phares akiwa wa miaka mitatu na Roseline kumi na minne, akambeba mgongoni hadi alipoweza kwenda shule kwa miguu. Phares aliipata pikipiki kwa bei ya kutupa, na Sylvance akaitengeneza yote upya, na akairudishia breki ya mbele. Pedi niliuza mimi. Sylvance alizichagua moja moja, akizigeuza kwenye mwanga.

Tangu siku Phares alipoipeleka steji, mambo hayakuwa mazuri. Hakuna aliyeegesha karibu naye. Wenzake kumi na wawili walijipanga upande mmoja wa ukuta, yeye na ile pikipiki upande wa pili, kama mtu mwenye ugonjwa. Abiria akimwendea, mmoja angemwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo ilibeba maiti," na mama angegeuka. Phares alicheka wiki ya kwanza, na ya pili pia. Ya tatu nilimwona ameketi juu yake kutwa nzima, ameinamisha kichwa, anauangalia ule mkono wa breki kama kitu kitakachomuuma.

Hofu ikishaingia mkononi, mkono haufanyi kazi. Mwezi wa Machi, kwenye kona ambayo malori ya mchanga hukata kwenda Dandora, mbwa alivuka. Phares alikuwa ndani ya kona, chini pana mchanga uliomwagika, naye akaibana breki ya mbele yote kwa mara moja. Tairi likamtoroka. Alichunika bega na goti, bila mfupa kuvunjika. Lakini kabla hajafika nyumbani habari zilikuwa zimefika Fedha, ofisini kwa Roseline: Punda imeanza. Ilimmaliza Barre, sasa inamtaka huyu.

Sylvance alimwosha shemeji yake jeraha hapo yadini, nikimshikia beseni.

"Kona, mchanga, na umeibana kama unamkaba mwizi," alimwambia. "Breki inabanwa kama unavyokamua ndimu juu ya samaki. Kidogo, halafu zaidi, halafu zaidi. Jumapili tukitoka kanisani twende uwanjani nikufundishe, mpaka mkono uzoee."

"Sawa, shemeji," Phares alisema. "Lakini hawa wasee wa steji wataniua kwa maneno kabla ya Jumapili."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi Roseline aliomba ruhusa kazini. Alikuja yadini saa nne asubuhi akiwa bado na sare yake ya bluu, na nyuma yake, mbali kidogo, walisimama Ngigi na wenzake watatu. Sauti zilinifikia bila kutega sikio.

"Baba Adoyo, toa hiyo breki."

"Mama Adoyo, hiyo breki ndiyo itakayomwokoa."

"Imemwangusha jana!"

"Ameanguka kwa sababu hajui kuitumia. Atajua Jumapili."

"Watu kumi na wawili wanasema kitu kimoja. Wanaendesha kila siku, wewe huendeshi. Wote ni wajinga, ni wewe tu unajua?" Hapo sauti yake ilivunjika. "Nilimbeba huyu mtoto mgongoni. Sina mwingine. Ukimwacha na hicho kitu na kikamuua, sitakusamehe mpaka naingia kaburini. Toa. Nakuomba kwa jina la Adoyo."

Najua alichokuwa anafikiria Sylvance, maana nami nilikuwa nakifikiria: kwamba mtu huchoka kuwa sahihi peke yake. Miaka yote hiyo wateja wamemkimbia, wamemcheka, na sasa hata nyumbani kwake hana upande. Akachukua spana. Phares akaileta pikipiki, na nikamwona Sylvance, mtu aliyekataa maombi ya nusu ya mtaa, akipiga magoti kwenye lile gurudumu na kutoa pedi alizozichagua mwenyewe. Mafuta ya breki yakamwagika kwenye udongo. Ngigi na wenzake wakapiga makofi. Roseline akamfuta mumewe jasho usoni kwa leso yake, akarudi zake kazini akiwa mwepesi.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa duka langu. Ningeweza kuvuka mtaro nikamwambia Roseline kuhusu buibui aliyekuwa kwenye breki ya Barre. Sikuvuka. Nilijiambia mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Mwenyezi Mungu anisamehe, hicho kilikuwa kisingizio, niliogopa tu kuchukiwa na wateja.

Walipoondoka, Sylvance alikuja akaegemea meza yangu.

"Ni siku tatu tu, Mama Abdifatah. Jumapili nitazirudisha, nimfundishe, dada yake asijue. Nimemwambia aende polepole, aache nafasi na gari la mbele."

"Inshallah," nilisema. Hatukutazamana.

Ijumaa jua liliwaka, vumbi tupu. Jumamosi kukakucha na mawingu meusi upande wa Dandora, na wale ndege korongo wakubwa wa dampo la taka walishuka wakatua juu ya mapaa wakiwa wamekunja mabawa, hawaruki. Saa sita mvua ikaanguka, ile ya kwanza ya msimu, inayoikuta barabara ina oili na vumbi la miezi mitatu na kuigeuza sabuni. Sylvance aliacha injini aliyokuwa ameifungua, akasimama chini ya bati na simu sikioni. Akapiga, akashusha, akapiga tena. Simu ya Phares ilikuwa imezimwa. Akavuka kwangu ameloa.

"Umemwona?"

"Alipita asubuhi. Hakusimama."

"Aliwaambia anakwenda wapi?"

Sikujua. Akarudi, akatoka tena, akatazama juu na chini ya njia. Mkononi alikuwa na zile pedi mbili amezifunga kwenye kitambaa. Nilimwambia avumilie, mvua ikikatika atamfuata steji. Saa nane ikakatika. Alikuwa amewasha pikipiki ya mteja, hata mguu hajauinua, tuliposikia honi zikija, nyingi, mfululizo, zile honi ambazo kila mtu wa Eastlands anajua maana yake. Ngigi alikuwa mbele. Alisimama, akavua kofia ngumu.

Lori la mchanga lilikuwa limefunga breki kwenye tuta, barabara ya Kangundo. Phares alikuwa nyuma yake, peke yake, wala hakuwa mbio. Hata nafasi aliacha, kama alivyoambiwa, ila kwa hatua chache haikutosha. Alikanyaga breki ya mguu, tairi la nyuma likafunga na kuteleza, na pikipiki ikaingia chini ya lori.

Walipomchukua maiti, Sylvance alibaki barabarani. Ngigi mwenyewe aliniambia hili, naye hakulielewa: fundi alikwenda mpaka mahali ile alama ya tairi ilipoanzia, akaifuata kwa miguu taratibu, midomo ikicheza, hadi ilipoishia. Walidhani anasali.

Roseline nilimkuta nyumbani amezungukwa na wanawake wa kanisa. Alikuwa amelia mpaka hana machozi. Sylvance alipoingia aliinuka, akamshika mikono yote miwili mbele ya watu wote.

"Asante," alimwambia. "Ulinisikiliza, uliitoa. Hiyo pikipiki ilikuwa imeshamchagua, lakini wewe ulijaribu. Nitakukumbukia hilo siku zote."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa kama ulivyokuwa wa Sylvance. Alifungua mdomo, akaufunga. Nami nikafunga wangu.

Wakamzika Siaya, wakarudi baada ya siku tisa. Siku ya kumi, mchana, Sylvance alifungua yadi, na nikaona Punda zikija. Saba. Ndizo zilizokuwa bado na meno mtaani, za watu wachache ambao kwa miaka yote walimsikiliza yeye, si Ngigi. Zikajipanga mstari hadi kwangu. Ngigi alikuwa amewaleta.

"Fundi, pole tena," Ngigi alisema. "Hawa wote wanataka utoe mbele. Ulikuwa unatukatalia, lakini ilipofika kwa shemeji yako, damu yako, ukaitoa. Hapo tukajua hata wewe unajua ukweli. Tumekubali tuanze na wewe, kwa heshima ya Phares."

Wakati huo huo Roseline alitokea kona ya yadi na bakuli la chakula cha mumewe. Sylvance alimwona. Alikuwa na njia, na mimi niliiona kama alivyoiona: aseme hana nguvu, afunge yadi, aende nyumbani akale chakula cha mke anayemshukuru. Badala yake akaweka spana chini.

"Sitoi," alisema. "Phares hakuuawa na Punda. Mimi ndiye niliyemuua, Alhamisi, hapa, kwa spana hii. Niliipima ile alama ya tairi barabarani: hatua kumi na sita, kisha ni lori. Kwa breki mbili angesimama hatua ya kumi na moja, hata kumi na mbili kwa mvua. Angeshuka, angemtukana dereva, angekuja nyumbani. Barre pia. Breki yake ilikuwa tupu, muulizeni Mama Abdifatah."

Wote wakanigeukia. "Ni kweli," nilisema, kwa sauti niliyopaswa kuitoa miezi mitano nyuma. "Niliona kwa macho yangu. Palikuwa na buibui."

Ngigi akamshika Sylvance bega, kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi kuliko kicheko chote cha zamani.

"Huzuni imempata fundi," aliwaambia wenzake. "Ni kawaida. Mwacheni apumzike. Mama, na wewe usimtie maneno."

Mmoja mmoja wakageuza pikipiki zao. Vijana wazuri, wenye wake na watoto, walimpa mkono wa pole kila alipopita mmoja, wakavuka barabara kubwa kwenda kwa fundi mwingine. Niliwaita kwa majina. Niliwatukana, kusema kweli. Hakuna aliyerudi.

Ukiniondoa mimi, katika watu wote waliomsikia, aliyemwamini ni mmoja. Roseline alikuwa bado amesimama pale kona, bakuli mkononi, mchuzi ukimwagikia sare ya bluu bila yeye kujua.

"Siku ile ukiitoa," alimwuliza, "ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaitoa kwa sababu nilikuomba mimi."

Roseline aliketi chini, pale pale kwenye udongo wenye oili, na mumewe akasimama hatua mbili kutoka kwake asithubutu kumgusa. Ng'ambo ya barabara fundi mwingine alikuwa ameshaanza kung'oa meno ya Punda ya kwanza.